Deni la Mama Makufuli

Tulimwacha Vidole, yule binti msusi, kasimama na kitana mkononi, nusu ya kichwa cha nesi imeshasukwa na nusu nyingine imetimka kama kichaka, na mama yake mzazi yuko mlangoni mwa saluni na begi kubwa kwapani. Wengi mlikisia kwamba mama kaja na habari za msiba. Mmekosa, tena mmekosa vibaya. Msiba ungekuwa nafuu.

"Mwanangu," mama akasema, machozi ya furaha yakimlengalenga, "deni lako nimelilipa. Lote. Hudaiwi hata senti."

Saluni nzima ikapiga makofi. Madam, mwenye saluni, ambaye huwa hafurahii cha mtu, siku hiyo naye alipiga. Nesi aliyekuwa kwenye kiti akageuza ile nusu yake iliyosukwa na kusema, "Hongera, jamani! Mama kama huyu unampata wapi siku hizi?"

Vidole hakupiga makofi. Alishika mgongo wa kiti.

"Umelipa... nini, mama?"

"Deni la Mama Makufuli. Lipi tena?"

Sasa wewe uliyechelewa kuingia kwenye hadithi hii, sogea karibu nikuambie harakaharaka, kisha tukimbie. Mama Makufuli hayupo. Hajazaliwa. Hana nyumba, hana simu, hana hata kaburi. Mama Makufuli alitungwa na Vidole mwenyewe, kwenye saluni hiyohiyo, kwa mdomo wake.

Vidole alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: fremu yake mwenyewe, kachumba ka duka ka kusukia nywele. Kila kichwa alichosuka, nusu ya pesa ilikwenda kwa Madam, na ile nusu iliyobaki ilikuwa haifiki nyumbani. Shangazi anataka mchango. Binamu kafukuzwa shule. Mjomba paa linavuja, na paa la mjomba, sijui lina nini, linavuja hata kiangazi. Vidole anaanza kuweka akiba mwanzo wa mwezi, katikati ya mwezi anaanza upya. Alianza upya mpaka akajichukia.

Ikafika siku shangazi kakaa kwenye benchi la saluni, kapewa soda, anasubiri. Vidole akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. Macho yakatua kwenye kufuli la kabati la Madam. Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Shangazi, siwezi. Nina deni kwa Mama Makufuli. Ukichelewa kumlipa anakuja na kufuli lake, anakufungia chumba na vyombo vyako humohumo."

Shangazi akaondoka bila hata kumaliza soda.

Lo! Ikawa dawa. Akija binamu, riba imepanda. Akija mjomba, Mama Makufuli kapita jana na makufuli matatu kiunoni. Kila aliyekuja kuomba aliliongeza deni. Na kadiri deni lilivyokua mdomoni, ndivyo akiba ilivyokua chini ya kitanda. Aliificha mahali ambapo mwizi hatii mkono: alikunja noti, akazisokota ndani ya rasta kuukuu, zile nywele za bandia zinazobaki wateja wakifumua, akasuka juu yake na kuzijaza ndani ya gunia. Nani atagusa nywele za watu asiowajua? Watu wanaogopa uchawi.

Na siku hiyo mama anaingia saluni, pesa zilikuwa zimetimia. Kesho yake asubuhi Vidole akabidhiwe funguo za fremu. Umenielewa? Twende.

"Mama, umepata wapi pesa?"

"Nyumba," mama akasema.

"Nyumba gani?"

"Kwani tunazo ngapi? Si ile aliyoniachia baba yako. Nimeuza. Walionunua wameingia leo asubuhi. Watu wazuri sana, wamenisaidia mpaka kubeba begi."

Madam akashusha macho, akajifanya anapanga chupa za mafuta.

"Usinitazame hivyo," mama akaendelea. "Mimi mtu mmoja, nalalia vyumba vingapi? Nilikuwa kila nikifumba macho namwona yule mwanamke anakufungia mlango na wewe uko ndani. Sasa nimelala usingizi. Nitakaa kwako, mwanangu. Huna deni tena, tutakula vizuri."

"Pesa ulimpa nani?"

"Mwenyewe. Mama Makufuli."

"Ulimwona?"

"Sikumwona mimi, kaka yako ndiye alipeleka. Kasema ni mwanamke mnene, sauti ya kiume, makufuli yanamlia kiunoni akitembea, vilevile ulivyotuambia. Lakini ana huruma! Kamkaribisha chai. Na kuku wangu niliyemtumia kampokea kwa mikono miwili, kasema atamla siku hiyohiyo."

Nikuulize, msomaji. Mtu asiyekuwepo anakulaje kuku?

Kitana kikaanguka. Vidole akavua aproni, akaitupa kwenye benchi, akatoka.

"Na kichwa changu?" nesi akapiga kelele. "Nakwenda zamu mimi! Nitaingia wodini hivi?"

"Vidole!" Madam akawa mlangoni, mikono kiunoni. "Ukiacha hicho kichwa nusu, usirudi hapa! Nasema usirudi!"

Vidole alimsikia. Hakugeuka.

Kaka yake mkubwa anaitwa Mheshimiwa. Usidhani aliwahi kugombea cheo. Hata ujumbe wa mtaa hajawahi kuombwa. Jina alilipata kwa namna anavyosalimia watu, kwa mikono miwili na tabasamu refu, na kwa namna anavyoahidi. Vidole alimkuta kwa fundi suti, kanyoosha mikono huku na huku, fundi anamzungushia futi kifuani.

"Rudisha pesa za mama."

"Habari za kazi, mdogo wangu?"

"Nimesema rudisha pesa za mama!"

"Vuta pumzi," fundi akasema.

Mheshimiwa akavuta pumzi, akaitoa taratibu. "Pesa zipi? Zile za nyumba? Nilimlipa Mama Makufuli."

"Hakuna Mama Makufuli!"

Mheshimiwa akashusha mikono. Usoni hakushtuka hata kidogo. Alimgeukia fundi kwa adabu zote. "Fundi, hebu kanunue uzi."

"Uzi ninao, Mheshimiwa."

"Kanunue mwingine."

Fundi akawatazama wote wawili, akatoka. Mheshimiwa akakaa kwenye kiti cha fundi, akakunja nne.

"Rudia ulivyosema."

"Hakuna Mama Makufuli."

"Haya. Kamwambie mama maneno hayohayo."

Vidole akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasimama.

"Nilimtafuta, ujue," Mheshimiwa akasema. "Usifikiri niliamka nikasema leo namwibia mama yangu. Nilitoka na pesa kwenye soksi na kuku kwapani, nazunguka mitaa yote nauliza Mama Makufuli anakaa wapi. Watu wananicheka. Mmoja kanipeleka mpaka kwa muuza makufuli! Kuku ananipigia kelele, jua linaniwakia. Mwisho nikakaa pembeni ya barabara, ndipo akili ikanijia. Kumbe mdogo wangu ametudanganya ukoo mzima. Nilicheka peke yangu kama chizi. Nikasema huyu binti ana kichwa."

"Sasa si ungemrudishia mama pesa zake?"

"Nilikuwa na deni."

"Nini?"

"Deni, Vidole. La kweli, lenye watu wenye ngumi. Si hilo lako la kutunga. Mama alitaka kulipa deni la mwanawe, na deni la mwanawe limelipwa. Amekosea mtoto tu."

"Na kuku?"

"Kuku ningempeleka wapi?"

"Na hiyo suti?"

"Mtu akivaa vizuri anakopesheka."

Juu ya meza palikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Mimi ninayekusimulia naapa, Vidole aliutazama ule mkasi muda mrefu kuliko inavyofaa.

"Namwambia mama," akasema. "Leo. Acha anichukie, lakini ajue kazaa mwizi."

"Mwambie. Ila ukimwambia hakukuwa na deni, atakumbuka jicho."

Hapo ndipo Vidole aliponywea.

Mwaka juzi jicho la kushoto la mama lilianza kuingia ukungu. Daktari akasema lipasuliwe mapema, likicheleweshwa basi tena. Mama akafunga safari mpaka saluni kwa binti yake. Alipokaa tu kwenye benchi, kabla hata hajafungua mdomo, Vidole alishaanza: Mama Makufuli hivi, riba vile, jana nusura nifungiwe. Alisema kwa mazoea, kama mtu anayefukuza nzi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuja kukusalimia tu, mwanangu." Akaenda zake. Jicho likazimika.

"Siku ile ulikuwa nazo, au hukuwa nazo?" Mheshimiwa akauliza.

Vidole akageukia mlango.

"Basi. Mimi ni mwizi, nakubali. Wewe je, tukuiteje?"

Alitoka pale hajui anakokanyaga. Na ukisema heri tumwache apumzike, haya, simu ikaanza.

Shangazi alikuwa wa kwanza. "Mwanangu! Nasikia kufuli limefunguka! Nimeruka mpaka majirani wamekuja kuniuliza. Sasa ule mchango wangu, si unaukumbuka?"

Akakata. Ikaita tena.

"Mjomba hapa. Kwanza hongera. Pili, paa."

Ikaingia na ya binamu, ya maandishi, kwa sababu binamu ana aibu kidogo: *Dada nimesikia. Nimefurahi sana. Nitumie chochote ulichonacho.*

Vidole akaizima simu. Ukuta wake wote, alioujenga kwa maneno matupu siku baada ya siku, umevunjwa na mtu mmoja aliyempenda. Alitembea akilia waziwazi, na watu wakimpisha njia.

Tena usimhukumu haraka, wewe uliyekaa kivulini unasoma. Njiani alipiga hesabu zote. Akinyamaza, mama atakaa kwake na moyo mweupe. Kesho atachukua fremu. Mwezi hata mwezi atamlisha mama vizuri, atamvisha, na hilo jicho moja lililobaki atalitunza kama yai. Mwizi atavaa suti yake, mama atakufa akijua aliwazaa watoto wawili wazuri. Nani ataumia? Nakwambia alishaamua kunyamaza. Alifika mlangoni kwake kafuta machozi, kajikaza, kaweka tabasamu.

Akamkuta mama kashafagia chumba, kashatandika kitanda, anamwekea binti yake maji ya kunywa. Kikombe kiko hapa, maji yanamwagika pale. Mama anamimina pembeni ya kikombe, kwenye meza, na haoni. Anaimba.

Tabasamu la Vidole likaanguka.

"Mama, hakukuwa na deni."

"Ndiyo, limekwisha. Tumshukuru Mungu."

"Sisemi limekwisha. Nasema halikuwepo. Tangu mwanzo. Nilidanganya."

Mama akaweka jagi chini. Akamtazama kwa huruma, huruma kabisa, kama unavyomtazama mtoto mwenye homa anayeweweseka. Na kabla hajajibu, mlango ukasukumwa. Mheshimiwa huyo, anahema, kashuka kwenye pikipiki, alama za chaki ya fundi bado ziko mabegani.

"Mama," akasema, "si nilikuambia?"

"Ulimwambia nini?" Vidole akang'aka.

Mama ndiye aliyejibu, kwa upole. "Kaka yako aliniambia utakuja kukana. Mama Makufuli mwenyewe kamwambia wanawake wote ndivyo walivyo. Deni likilipwa wanasema halikuwepo, ili pesa zirudishwe mkononi wakampe mwanaume."

"Mwanaume gani, mama?"

"Mimi sikuulizi habari za mwanaume, mwanangu. Nataka tu usinifiche. Deni si aibu."

"Sina deni! Sijawahi kuwa nalo! Huyu kala pesa zako!"

"Unaona?" Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mnafiki yule! Alitikisa kichwa vizuri mpaka mimi nusura nimwamini.

Haya ndiyo malipo ya dunia. Uongo Vidole aliusema mara moja kwa shangazi, ukoo mzima ukauamini. Ukweli kausema mara tatu kwa mama aliyemnyonyesha, na mama anampapasa kipaji cha uso kuona kama kina joto.

Ikabaki njia moja. Vidole akapiga magoti, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda, akalimwaga sakafuni.

"Nywele?" Mheshimiwa akaruka nyuma. "Nywele za watu unalala nazo? Una wazimu?"

Vidole akachukua msuko mmoja mweusi, akaanza kuufumua. Unajua kwa nini anaitwa Vidole. Nywele zilifunguka kama zimeshikwa na umeme. Noti ikachomoza, ikafuata ya pili, zikadondoka. Akachukua msuko mwingine. Mheshimiwa, ambaye sekunde chache nyuma alikuwa anaogopa uchawi, akasogea hatua moja mbele.

Mama alisikia kabla hajaona. Aliusikia ule mnong'ono wa noti. Akakaa chini na kuinama, jicho lake zima likiwa karibu na sakafu, akapapasa.

"Pesa," akasema. "Mwanangu, hizi pesa!"

"Zangu, mama. Nimeziweka mwenyewe. Nilisema nina deni ili watu wasiziombe."

Na mama akacheka! Naam, alicheka, akampiga binti yake kofi la bega. "Wewe mtoto una mambo! Mpaka mimi mama yako? Kumbe tunazo! Basi nyumba tunairudisha, nitaongea na wale watu." Akachukua msuko naye akaanza kufumua. Mama alisuka vichwa vya watu kabla Vidole hajazaliwa, yeye ndiye aliyemrithisha binti yake kazi. Wakakaa pamoja sakafuni, mama na binti, wanafumua, noti zinaanguka kati yao, na kwa dakika hizo chache, msomaji, Vidole alikuwa na furaha ambayo hata fremu isingempa.

Kisha mama akasimamisha mikono. Aligeuza shingo polepole kumtafuta mwanawe wa kwanza.

"Na wewe. Zangu umepeleka wapi?"

"Mama, nikueleze..."

"Kuku wangu kaliwa na nani?"

Jasho likamtoka Mheshimiwa. Alikwisha. Tai hajanunua bado, lakini alikuwa anajishika shingoni kama imembana. Vidole akainamisha kichwa kuficha tabasamu, akachota misuko iliyokuwa chini kabisa ya gunia na kuisogeza mbele ya mama.

Ilikuwa misuko myekundu.

Mama akauchukua mmoja. Akausogeza karibu na jicho lake, akaugeuzageuza.

"Nyekundu," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni za zamani hizo."

"Nazijua. Zilikuwa msimu mmoja tu, kisha hakuna aliyezitaka tena. Wote mlisuka nyekundu. Wewe, Madam, wateja. Siku ile nilipokuja nikakaa kwenye benchi, niliona saluni nzima nyekundu, nikadhani ni jicho ndilo limeharibika zaidi."



Mama akaufumua ule msuko. Noti zikaanguka. Akachukua mwingine mwekundu, zikaanguka. Akafumua wa tatu na wa nne, bila haraka, bila neno, mpaka misuko yote myekundu ikaisha, na mbele yake palikuwa na rundo la pesa lililotosha daktari na nauli, na chenji ikabaki.

"Zilikuwepo," akasema. Hakuwa anauliza.

"Mama, naapa, nilisema nikipata fremu nitakutibu macho yote mawili. Mwezi ujao, mwezi ujao... Nilikuwa naogopa. Kila nikitoa kidogo zinakwenda zote, naanza moja. Nimeanza moja mara ngapi, mama? Nilichoka kuanza moja. Na wewe hukuniomba! Ungeniambia, ningetoa!"

"Ulinipa nafasi?"



"Chukua," Vidole akalia, akazikumba noti kwa mikono miwili, nyeusi kwa nyekundu, nywele kwa pesa. "Chukua zote. Kesho twende kwa daktari. Fremu basi, siitaki tena. Chukua, mama."

"Daktari alishaniambia. Lile halirudi."

"Basi nyumba! Irudishe nyumba!"

Mama akamrudishia mikono yake kifuani, pamoja na vyote vilivyokuwa ndani yake. Alifanya hivyo kwa upole sana, na upole ule ndio uliomuua Vidole.

"Kaa nazo. Ukalipe deni lako."

"Mama, sina deni!"

"Unalo," mama akasema.

Akainuka, akalitafuta begi lake kwa mkono, akalitia kwapani.

"Baba," akamwita Mheshimiwa, kama alivyokuwa akimwita utotoni. "Nipeleke kwako."

"Mama!" Vidole akamshika nguo. "Huyu ndiye kakuibia!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Huyu kaniibia, na Mungu atamwuliza. Lakini yeye aliniibia kwa kuwa hana. Wewe ulikuwa nazo, ukanitazama."

Akatoka. Hakuufunga mlango.

Mheshimiwa akamfuata mpaka nje, akamsaidia kukaa juu ya begi lake pembeni ya barabara, akasema maneno fulani ya kwenda kutafuta usafiri. Kisha akarudi ndani, peke yake, uso umempauka. Vidole alikuwa bado sakafuni.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Pana jambo moja. Mimi sina kwangu."

"Unasemaje?"

"Nilifungiwa chumba. Mwenye nyumba alikuja na kufuli, vyombo vyangu vyote viko ndani. Mwezi wa pili sasa nalala juu ya meza ya fundi, ile ya kukatia vitambaa." Akageuka kutazama mlango. "Nimpeleke wapi?"

Zamani, mtu akisema maneno kama hayo mbele ya Vidole, jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Sasa pesa zote ziko sakafuni, wazi, na hata yeye Mheshimiwa, mla kuku wa watu, hakuziomba.

Nje, jirani mmoja alikuwa anapita na ndoo. Sauti yake iliingia vizuri kupitia ule mlango uliokuwa wazi.

"Mama, mbona juani? Unamsubiri nani?"

"Namsubiri mwanangu anipeleke kwake."

"Si hapa ndipo kwa mwanao? Yule msusi?"

"Yule nilimlipia deni lake," mama akasema. "Tumemalizana."

Jirani akacheka kidogo, akidhani ni utani, akapita na ndoo yake. Ndani, ndugu wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega nyuma ya mlango. Mwizi akamtazama mwongo.

"Mdogo wangu," Mheshimiwa akanong'ona, "tangulia wewe."

Jua lilikuwa linamchoma mama utosini, na hakuna aliyetoka.